Jina la hosti halipatikani kwenye IBM i: jinsi ya kusaka kosa hatua kwa hatua

Programu imefanya kazi miezi na miezi, halafu asubuhi moja inagoma na ujumbe mfupi: `Host name look up failed`. Mtu wa biashara anasema mtandao umekufa. Mtu wa mtandao anasema mtandao mzima kabisa, mbona yeye anafungua anwani hiyohiyo kwenye kompyuta yake. Wewe uko katikati na skrini yako ya kijani, na wote wawili wanakungoja useme.

Mwongozo huu ni wa mashine ambayo wengi wetu bado tunaiita AS/400. IBM waliipa jina hilo mwaka 1988, likageuka iSeries, kisha System i, na tangu 2008 mfumo wake unaitwa IBM i. Jina limebadilika, amri zimebaki, na nilizozitumia hapa ni za matoleo ya 7.x. Nachukulia kwamba unaandika RPG au CL, zile lugha za programu za mashine hii, na unaweza kuona mipangilio ya TCP/IP. Kuibadilisha kunahitaji mamlaka maalumu ya `*IOSYSCFG`. Kama huna, bado unaweza kufanya karibu kila kitu hapa isipokuwa kurekebisha.

Niseme msimamo wangu mapema. Katika mikasa niliyoitiwa, DNS yenyewe, ule mfumo unaogeuza majina kuwa anwani za IP, ilikuwa na kosa mara chache. Mara nyingi aliyekosea ni anayeuliza: ametaja jina vibaya, anaiuliza seva isiyolijua jina hilo, au amefungiwa faili ambayo mfumo unahitaji kuisoma kwa niaba yake. Ndiyo maana tunaanza na anayeuliza, seva ya majina tunaifuata baadaye.

Kabla ya kugusa mipangilio

Pata majibu ya maswali matatu, na uyaandike. Kazi iliyoshindwa ilikuwa ikiendeshwa na profaili gani? Ilikuwa ya skrini au ya bechi, yaani inayojiendesha bila mtu kwenye skrini? Na jina lililotafutwa ni lipi, herufi kwa herufi?

Hilo la tatu watu hulidharau. Ukimuuliza mwandishi wa programu atakutajia jina analodhani programu inalitumia. Wewe unataka lile ambalo programu ililituma kweli. Kama programu inatumia HTTPAPI, ile maktaba huria ya RPG ambayo ujumbe wa hapo juu unatoka kwake, washa logi yake kwa `http_debug(*ON)` kabla ya kuita huduma, kisha fungua faili `/tmp/httpapi_debug.txt`. Mwanzoni mwa logi utaona mistari inayoanza na `DNS resolver`, halafu kikoa cha msingi, halafu `DNS server found` na anwani ya kila seva ya majina ambayo kazi hiyo ilikuwa nayo mkononi. Mistari hiyo ni dhahabu. Inakueleza kazi hii, kwa wakati huu, ilimwuliza nani.

Na usifute logi ya kazi. Kama kazi za bechi kwenu zinaisha bila kuacha `QPJOBLOG`, tuma upya ile iliyoshindwa ukiwa umeweka `LOG(4 00 *SECLVL)` na `LOGCLPGM(*YES)` kwenye `SBMJOB`. Utaihitaji baadaye tutakapofika kwenye ruhusa.

Mashine inatafuta jina wapi

Kuna mahali pawili tu. La kwanza ni jedwali la hosti lililo ndani ya mashine, unalolifikia kwa `CFGTCP` chaguo la 10. La pili ni seva za majina zilizoandikwa kwenye `CFGTCP` chaguo la 12, ambalo ndilo amri `CHGTCPDMN`. Ipi inaangaliwa kwanza inaamuliwa na parameta `HOSTSCHPTY`: ikiwa `*LOCAL`, jedwali linatangulia, ikiwa `*REMOTE`, seva zinatangulia.

Andika `CHGTCPDMN` ubonyeze F4, usome bila kubadilisha kitu, kisha utoke kwa F12. Soma polepole. Jina la hosti la mashine hii na kikoa chake vimeandikwa sawasawa? Orodha ya vikoa vya kutafutia ina nini? Hiyo orodha ndiyo inayoongezewa kwenye majina mafupi, kwa hiyo programu inayotafuta `MALIPO` peke yake inaitegemea kabisa, na siku mtu anapoondoa kikoa kimoja humo, programu zote zenye majina mafupi zinaanguka kwa pamoja.

Halafu zile seva za majina, ambazo nafasi zake ni tatu. Hapa kuna imani moja iliyozagaa na ambayo imenipotezea saa nyingi: kwamba kama seva ya kwanza hailijui jina, mfumo utaenda kuiuliza ya pili. Haufanyi hivyo. Seva ya pili inaulizwa pale ya kwanza inaponyamaza. Ikijibu kwamba jina hilo halipo, basi hilo ni jibu kamili na utafutaji umekwisha. Ukiweka seva ya ndani ya ofisi kwenye nafasi ya kwanza na ya intaneti kwenye ya pili, ukidhani moja itajua majina ya ndani na nyingine ya nje, umejitegea mtego. Zote tatu lazima ziwe na uwezo wa kujibu majina yaleyale.

Mtego huo unakuwa mbaya zaidi ikiwa sehemu ya seva ya kuanzia imewekwa `*ROTATE` badala ya `*FIRST`. Hapo mfumo unaanza na seva tofauti kwa zamu, na unapata ule ugonjwa unaochosha kuliko yote: jina linapatikana saa nne, linakosekana saa nne na dakika tano, linapatikana tena ukimwita mwenzako aje aone.

PING, na jinsi ya kuisoma

```
PING RMTSYS('malipo.example.com')
```

PING inapitia njia ileile ya kutafuta majina ambayo programu zako za RPG zinaipitia, kwa hiyo ni kipimo kizuri cha kwanza. Lakini isome vizuri. Ikisema `Unknown host`, jina limekosekana. Ikianza kuthibitisha mawasiliano na kutaja anwani ya IP, halafu majaribio yote yakashindwa, jina limepatikana. Kilichoshindwa ni pakiti za ICMP, zile ambazo PING inazituma, kufika na kurudi, na taasisi nyingi huzizuia kwa makusudi. Nimeona tiketi tatu zikizunguka wiki nzima kwa sababu mtu aliona PING imefeli akaandika "DNS haifanyi kazi", huku anwani ya IP iko palepale kwenye picha ya skrini aliyoiambatanisha.

Linganisha na anwani waliyokupa wenye huduma. Ikija anwani tofauti, nenda moja kwa moja kwenye jedwali la hosti: huenda kuna mtu aliandika humo anwani ya zamani miaka minne iliyopita na `HOSTSCHPTY` ni `*LOCAL`.

Iulize seva ya majina yenyewe

Sasa tunaliruka jedwali la hosti:

```
NSLOOKUP HOSTNAME('malipo.example.com') DMNNAMSVR('10.10.1.5')
```

Jina lingine la amri hii ni `STRDNSQRY`. Ukibonyeza F4 utaona nafasi zake zote. Irudie kwa kila seva iliyo kwenye `CHGTCPDMN`, moja moja, usiishie ya kwanza. Kama mashine yenu ina chaguo la 31 la mfumo, lile la Domain Name System, unaweza kuwa na `DIG` pia, ambayo inaeleza zaidi.

Hapa chombo bora ni saa ya ukutani. Jibu la "halipo" likija papo hapo, seva imesikia na imekataa: jina limeandikwa vibaya, limefutwa, au seva hiyo hairuhusiwi kwenda kuuliza majina ya nje. Skrini ikiganda sekunde kadhaa kabla ya kosa, seva haikusikika. Ni matatizo mawili tofauti na yanapelekwa kwa watu wawili tofauti. Ndani ya programu tofauti hiyo ipo pia: `gethostbyname` inaacha `HOST_NOT_FOUND` kwa kukataliwa na `TRY_AGAIN` kwa ukimya. Programu nyingi za RPG zinazitupa zote mbili na kuandika "lookup failed" tu, na huo ni uvivu wetu waandishi.

Kwa ukimya, angalia njia. `NETSTAT *IFC` ionyeshe kiolesura chako kiko hai. `NETSTAT *RTE` ionyeshe kuna njia ya kufika kwenye mtandao wa seva ya majina. Kwenye pati mpya (kipande cha mashine kinachojitegemea) iliyowekwa VLAN yake, yaani mtandao uliotengwa, peke yake, njia hiyo husahauliwa. Kisha fayawoli: poti 53 kwa UDP. Na poti 53 kwa TCP pia, tafadhali. Kwenye maelezo ya awali ya DNS, yale ya 1987, ujumbe wa UDP uliwekewa kikomo cha baiti 512, na jibu lisilotosha humo hukatwa ili muulizaji arudi kwa TCP. Huduma yenye anwani nyingi nyuma ya jina moja inaweza kuvuka kikomo hicho. Fayawoli inayoruhusu UDP peke yake inakupa hali ya ajabu ambapo majina yote yanapatikana isipokuwa moja.

Kipimo chenye mazingira yaleyale

Kama PING na NSLOOKUP vimekupa jibu zuri na programu bado inagoma, umeshasafisha mtandao. Usirudi huko. Kilichobaki kiko ndani ya mashine.

Tengeneza programu ndogo kabisa:

```
**free
ctl-opt dftactgrp(*no);

dcl-pi *n;
  jina char(32);
end-pi;

dcl-pr tafuta pointer extproc('gethostbyname');
  hosti pointer value options(*string);
end-pr;

if tafuta(%trim(jina)) = *null;
  dsply 'HALIKUPATIKANA';
else;
  dsply 'LIMEPATIKANA';
endif;

*inlr = *on;
return;
```

Iite kwanza kwenye skrini kwa profaili yako: `CALL TESTHOSTI PARM('malipo.example.com')`. Kisha itume kwa bechi ukiwa na profaili, maelezo ya kazi na foleni zilezile za ile kazi iliyoshindwa:

```
SBMJOB CMD(CALL PGM(MAKTABA/TESTHOSTI) PARM('malipo.example.com'))
       JOB(TESTHOSTI) JOBD(MAKTABA/JOBDYAO) USER(PROFAILI)
       LOG(4 00 *SECLVL)
```

Jibu la `dsply` kwenye bechi litakwenda kwenye foleni ya ujumbe ya `QSYSOPR`. Sasa una picha. Ikishindwa kwa profaili yao na kufaulu kwa yako, ni ruhusa. Ikifaulu kote, kosa liko kwenye namna programu kubwa inavyolibeba lile jina.

Uliona nimeandika `char(32)`? Sikubahatisha, na sasa tufike hapo.

Baiti 32: mtego ambao karibu kila mtu ameuingia

Kulikuwa na programu inayopeleka malipo kwa mshirika wa nje. Mwandishi aliijaribu kwa skrini ya kuingizia data, mara hamsini, safi. Ilipowekwa kwenye ratiba ya usiku ikashindwa usiku wa kwanza, na wa pili, kisha usiku wa tatu ikafaulu, wa nne ikashindwa. Watu wa mtandao walishalaumiwa, wakabadilishiwa seva za majina, wakabadilisha sheria za fayawoli. Mimi niliitwa siku ya tano.

Niliweka programu kwenye `STRDBG`, nikaita kama bechi inavyoita, na kwenye mstari kabla ya utafutaji nikaandika:

```
EVAL hosti:x 48
```

Baiti 18 za mwanzo zilikuwa jina lenyewe, kwa EBCDIC, ule usimbaji wa herufi wa mashine hii: `94819389 97964B85 A7819497 93854B83 9694`. Hiyo `4B` ni nukta. Zikafuata `40` kumi na nne, yaani nafasi tupu. Halafu, kuanzia baiti ya 33, vilikuwemo vipande vya kitu kingine kabisa, takataka za kumbukumbu zilizoachwa na programu iliyotangulia.

Mambo yalikuwa hivi. Ukipitisha maandishi ya moja kwa moja kwenye `CALL`, CL inayajaza nafasi tupu hadi baiti 32 na kuishia hapo. Yakizidi 32, yanapita kwa urefu wake halisi. Programu ya malipo ilikuwa imetangaza `char(80)`. Kwa hiyo ilisoma baiti 32 halali na nyingine 48 ambazo hakuna aliyemwahidi ziwe na nini. Ikafanya `%trim`, lakini `%trim` inakata nafasi za pembeni tu; takataka zikiwa mwishoni, zile nafasi kumi na nne zinabaki katikati, na jina linalokwenda kutafutwa ni `malipo.example.com` pamoja na mkia mrefu. Hakuna DNS duniani inayolijua jina hilo. Ule usiku wa tatu ilifaulu kwa sababu kumbukumbu ilikuwa tupu kwa bahati.

Na kwa nini kwenye skrini haikutokea? Kwa sababu pale programu ya CL ilipitisha kibadilika cha `*CHAR` 80, na kibadilika kinapita kwa urefu wake wote. Lakini ukikiweka kibadilika hichohicho ndani ya `SBMJOB CMD(CALL ...)`, mfumo unaandika amri upya kama maandishi, unakata nafasi tupu za mwisho, na unarudi kwenye kanuni ya 32. Programu ileile, kibadilika kilekile, matokeo mawili.

Dawa ni tatu, na nimezipanga kwa jinsi ninavyozipenda. Tengeneza amri yako kwa `CRTCMD` yenye parameta ya `LEN(80)`, na `SBMJOB` iite amri badala ya `CALL`. Amri inajua urefu wake na hujaza yenyewe. Au usilipitishe jina kabisa: liweke kwenye faili ya mipangilio au eneo la data, programu ilisome huko. Au ule ujanja wa zamani: ongeza baiti ya 81 kwenye kibadilika, uweke herufi isiyo tupu mwisho ili mfumo usipate cha kukata. Wa mwisho unafanya kazi, ila atakayekuja baada yako atakulaani kama hukuandika maelezo.

Ukiwa hapohapo, angalia na ndugu yake mdogo: `gethostbyname` na wenzake wanataka maandishi yanayoishia kwa baiti `X'00'`. `options(*string)` inaiweka, lakini haikati nafasi tupu. Ukisahau `%trim`, umetafuta jina lenye nafasi arobaini nyuma yake.

Ruhusa

Dalili yake ni hii: mwenye `*ALLOBJ`, yaani mamlaka juu ya kila kitu kwenye mfumo, anafaulu, wengine wanashindwa. Mara nyingi inaanza baada ya ukaguzi wa usalama, pale mtu alipopewa orodha ya mambo ya kubana akabana na maktaba ya `QUSRSYS` bila kujua kilichomo. Jedwali la hosti linaishi humo, kwenye faili `QATOCHOST`, na mipangilio mingine ya TCP/IP iko jirani yake kwenye faili zinazoanza na `QATOC`.

```
DSPOBJAUT OBJ(QUSRSYS) OBJTYPE(*LIB)
DSPOBJAUT OBJ(QUSRSYS/QATOCHOST) OBJTYPE(*FILE)
```

Linganisha na mashine nyingine isiyobanwa, ya majaribio kwa mfano. Kisha soma ile logi ya kazi niliyokuambia usiifute: tafuta `CPF9802` au `CPF4104` dakika hiyohiyo ya kosa. Programu inaweza kusema jina halikupatikana, huku mistari miwili juu yake mfumo ulishaandika kwamba mtumiaji hana ruhusa ya kitu fulani. Rudisha ruhusa ya kitu hicho kimoja. Kumpa profaili ya bechi `*ALLOBJ` ili asubuhi ipite ni kufungua mlango wa benki kwa sababu ufunguo wa choo umepotea.

Java, SQL na PASE

Programu za Java hazitoi ujumbe uleule. Zinatoa `java.net.UnknownHostException`, na maelezo yanayofuata huwa ni jina la hosti tu, basi. Hili huwachanganya watu wanaotumia `SYSTOOLS.HTTPGETCLOB` na ndugu zake ndani ya SQL, kwa sababu funksheni hizo zinaendeshwa na Java chini kwa chini: unapata `SQL4302` kwamba utaratibu umekatizwa na kosa, na kosa lenyewe limeandikwa kama jina la tovuti yako. Sasa unajua maana yake. Funksheni mpya za `QSYS2`, kama `HTTP_GET`, hazipiti kwenye Java, na kama toleo lenu linazo ningezihamia hata bila tatizo hili.

Java ina kumbukumbu yake ya majina pia. Kwa kawaida jina lililopatikana hushikwa sekunde 30 na lililokosekana sekunde 10. Lakini `networkaddress.cache.ttl` ikiwekwa `-1`, jibu hushikwa hadi mashine ya Java izimwe, na seva ya programu iliyowashwa miezi mitatu iliyopita itaendelea kwenda kwenye anwani iliyohamwa zamani. Kama umerekebisha DNS na Java haioni, izime uiwashe kabla hujaanza kujitilia shaka.

Kwa Python, Node na vitu vingine vya PASE, yale mazingira ya aina ya Unix ndani ya IBM i, usichukulie kwamba jibu la PING ndilo watakalopata. Pima ndani ya PASE yenyewe:

```
/QOpenSys/pkgs/bin/python3 -c "import socket; print(socket.gethostbyname('malipo.example.com'))"
```

Mashine isiyojijua

Kuna wakati jina linalokosekana ni la mashine yenyewe. Programu nyingi, za Java na za barua pepe hasa, zikiamka hujiuliza "mimi ni nani?" na kutafuta jina la hosti na kikoa vilivyo kwenye `CHGTCPDMN`. Likikosekana, zinakufa au zinakaa kimya dakika nzima. Hakikisha PING ya jina kamili la mashine yako, ukiwa kwenye mashine hiyohiyo, inarudisha anwani ya kiolesura chake.

Hili huibuka hasa baada ya kurejesha bakapu kwenye mashine ya dharura. Jedwali la hosti linakuja na anwani za makao makuu, jina la hosti ni la mashine nyingine, na seva za majina ni zile ambazo kule zinafikika na hapa hazifikiki. Pitia pia `WRKRDBDIRE`: miunganisho ya SQL kwenda mashine nyingine hutumia jina lililoandikwa pale, na hakuna anayekumbuka kulibadilisha.

Na kama kosa hutokea mara moja tu baada ya kuwasha mashine upya, halafu kila kitu kinatulia, angalia ratiba. Kazi yako inaanza kabla TCP/IP haijasimama. Isogeze mbele, au iweke ijaribu tena baada ya dakika moja.

Kuhusu kuandika jina kwenye jedwali la hosti

Utashawishika, na saa nyingine ni sawa:

```
ADDTCPHTE INTNETADR('198.51.100.20')
          HOSTNAME(('malipo.example.com'))
          TEXT('Muda tu. Tiketi ya DNS iko wazi')
```

Inaokoa usiku. Ila huduma nyingi siku hizi ziko nyuma ya anwani zinazobadilika bila taarifa, na siku ikibadilika hutapata ujumbe wa jina kukosekana. Utapata muunganisho unaokataliwa, au mbaya zaidi, unaokubaliwa na mashine isiyo yako. Andika kwenye `TEXT` kwa nini umeiweka, na uiondoe kwa `RMVTCPHTE` mara DNS inapopona.

Hata hivyo ni afadhali kuliko kuweka anwani ya IP ndani ya programu badala ya jina. Kwa huduma ya HTTPS, cheti kimetolewa kwa jina, na seva nyingi zinatumia jina hilohilo kuamua cheti kipi na tovuti ipi wakupe. Ukija na namba tupu utabadilisha kosa la DNS kuwa kosa la cheti.

Ukishindwa yote, rekodi pakiti

```
TRCCNN SET(*ON) TRCTYPE(*IP) TRCTBL(DNSTRC) SIZE(98000)
       TCPDTA(*UDP () (53))
```

Endesha programu mara moja, kisha:

```
TRCCNN SET(*OFF) TRCTBL(DNSTRC)
```

Unahitaji mamlaka ya huduma, kwa hiyo huenda ukamwomba msimamizi. Kwenye spuli (faili ya matokeo) itakayotoka, tafuta swali linalotoka kwenye anwani yako kwenda poti 53 na jibu linalorudi. Hakuna swali kabisa? Kosa liko ndani ya mashine, rudi kwenye ruhusa na parameta. Swali lipo, jibu hakuna? Peleka kwa watu wa fayawoli: wape anwani yako, anwani ya seva ya majina, saa kamili hadi sekunde. Swali na jibu vyote vipo na jibu linasema jina halipo? Soma jina ndani ya swali. Pakiti za DNS zimeandikwa kwa ASCII, si EBCDIC, kwa hiyo nukuu baiti zake kama zilivyo na umpelekee mwenye seva ya majina. Ukiona humo `20` zimejipanga baada ya jina, hizo ni nafasi tupu, na tiketi hiyo ni yako.